Edita Gani, Msee? Kabla Utoe Thao Mbili na Nusu Kila Mwezi, Soma Hii

Kuna swali huulizwa kila wiki kwa magrupu ya Telegram na WhatsApp za wasee wa teki: "Wadau, naanza kujifunza kodi, nitumie edita gani?" Na kabla aliyeuliza aweke simu chini, vita vishaanza. Mmoja ako na VS Code, mwingine anaapa na Cursor, kuna mzee mmoja wa Vim hajawahi kukubali mtu mwingine yeyote awe sawa, halafu lazima kuwe na yule wa kusema "edita haijalishi bro, jifunze tu". Huyo wa mwisho ako karibu na ukweli. Lakini pia anakudanganya, juu siku hizi edita inaweza kukula doo, kukula RAM, na hata kukula akiba yako yote ya kripto kama utaona huku chini.

(Kodi hapa ni ile ya kompyuta, si ile ya landilodi. Ingawa hizi siku zote mbili zinaitishwa mwisho wa mwezi, na hiyo ndiyo stori yenyewe.)

Kama we ni mgeni kabisa, iko hivi. Websaiti ni mafaili ya maandishi tu. HTML ndiyo mifupa, CSS ndiyo nguo na rangi, JavaScript ndiyo inafanya kitufe kikibonyezwa kitu kifanyike. Hayo mafaili unaweza kuyaandika hata kwa Notepad inayokuja na Windows. Edita ya kodi ni Notepad iliyoenda shule: inapaka rangi ndio uone mabano umesahau kufunga, inakumalizia neno, inakuonyesha mstari wenye kosa kabla brauza ikuaibishe mbele ya klayenti.

Hadi hapo hakuna siasa. Siasa inaanza ukiuliza nani anakupea hiyo Notepad ya shule bure, na anataka nini.

Bure ya Microsoft

Microsoft walionyesha Visual Studio Code mara ya kwanza Aprili 2015. Wakati huo wasee wa wavuti walikuwa kwa Sublime Text, na wale wa kupenda vitu vipya walikuwa kwa Atom, edita ya GitHub. Microsoft hawakuwa na jina kwa hiyo mitaa. Walikuwa kampuni ya ofisi, ya Word na Excel. Lakini wakakuja na kitu cha bure, chepesi kuliko Atom, chenye ekstensheni za kila aina, na Novemba mwaka huo huo wakaweka kodi yake wazi kila mtu aione. Mwaka uliofuata wakatoa njia moja ya edita kuongea na lugha yoyote ya programu, ndio usijengee Python mashine yake, PHP yake, na Go yake kila mara. Hiyo peke yake iliwapeleka mbali sana.

Kwa utafiti wa Stack Overflow wa 2024, asilimia 73.6 ya madevelopa waliojibu walisema wanatumia VS Code. Hakuna edita nyingine hata ilikaribia nusu ya hapo. Ndio maana kila video ya YouTube unayojifunzia, ile skrini nyeusi unaona ni hiyo. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu anaanza, na watu hawaisemi vya kutosha: ukikwama saa saba usiku, jibu lako liko mahali, na picha kwa hilo jibu inafanana na kile unaona kwa lapi yako.

Sasa angalia makaburi. Brackets ya Adobe, ambayo wasee wengi wa CSS waliipenda, iliachwa Septemba 2021, na Adobe wenyewe wakaambia watu wahamie VS Code. Atom nayo iko na stori chungu zaidi. Microsoft walinunua GitHub 2018 kwa dola bilioni 7.5. Juni 2022 GitHub wakatangaza Atom inafungwa, na tarehe 15 Desemba 2022 ikazikwa. Kitu cha kuchekesha, kama unaweza kucheka, ni kwamba Electron, lile jukwaa VS Code imejengwa juu yake, lilitengenezwa kwa ajili ya Atom. Mtoto alijengewa nyumba, jirani akahamia ndani, halafu mtoto akaambiwa atoke.

Kwa hivyo Microsoft wanapata nini na edita ya bure? Wanakupata wewe. Ukikaa kwa edita yao, kodi yako inaenda GitHub, ambayo ni yao. Ukitaka AI, kuna kitufe cha Copilot, ambacho ni chao. Ukitaka seva, Azure iko hapo karibu. Na ile kodi ya wazi si ndiyo hasa ile unapakua: ile ya kupakua kutoka kwa websaiti yao iko na leseni ya Microsoft na inatuma taarifa za matumizi. Hiyo ya kutuma taarifa unaweza kuizima, ingia kwa settings uandike "telemetry", weka "off". Ama upakue VSCodium, ambayo ni ile ile lakini bila hayo mambo.

Lakini kuna ngome. Soko la ekstensheni la Microsoft, kwa masharti yake, ni la bidhaa za Microsoft tu. Wengine wote waliojenga juu ya ile kodi ya wazi inabidi watumie soko lingine linaitwa Open VSX. Na Aprili 2025 watu waliokuwa wanaandika C na C++ ndani ya hizo edita za wengine waliamka wakapata ekstensheni ya Microsoft ya hiyo lugha imekataa kufanya kazi. Kodi iko wazi, sawa. Lakini geti liko na soja.

Vijana wanne na trilioni 3.8

2022, vijana wanne wa MIT walianzisha kampuni inaitwa Anysphere. Wakachukua ile kodi ya wazi ya VS Code, wakaijaza AI kila kona, wakaiita Cursor. Ukiandika mstari mmoja, inakupea kumi. Ukiiambia "nitengenezee ukurasa wa kulipia", inaandika, inafungua mafaili, inarekebisha, we uko hapo unakunywa chai. Kufikia Novemba 2025 wawekezaji waliipa thamani ya dola bilioni 29.3. Hiyo kwa pesa yetu ni karibu trilioni 3.8. Bajeti yote ya serikali ya Kenya ya 2025/26 imepita trilioni 4 kidogo tu. Edita, buda. Programu ya kuandikia maandishi.

Windsurf, mpinzani wake, ilikuwa na sinema yake. Mei 2025 habari zilikuwa OpenAI inainunua kwa kama dola bilioni 3. Ijumaa tarehe 11 Julai hiyo dili ikavunjika, na siku hiyo hiyo Google wakamchukua bosi wake Varun Mohan na baadhi ya watu wake wa utafiti, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola bilioni 2.4. Wafanyakazi wengine wakabaki wanaangaliana wikendi nzima. Jumatatu tarehe 14, kampuni nyingine inaitwa Cognition ikatangaza inanunua kilichobaki. Siku nne. Kama ulikuwa umelipia mwaka mzima, ulilala ukiwa mteja wa mtu mmoja ukaamka ni wa mwingine.

Mbona wanapigania dirisha la kuandikia namna hiyo? Juu hapo ndipo developa hukaa masaa nane kwa siku. Mwenye hilo dirisha ndiye anaamua AI gani inaulizwa, na anaona kodi inavyoandikwa. Na tofauti na mtu wa kutazama video, developa hulipiwa na kampuni yake, so bei inaweza kupanda na asilie.

Shida ni kwamba we na mimi hatulipiwi na kampuni.

Cursor Pro ni dola 20 kwa mwezi. Kwa dola ya KSh 129, hiyo ni KSh 2,580. Rudi nyuma Januari 2024, wakati dola ilikuwa imegonga karibu KSh 160: hizo dola 20 zingekuwa KSh 3,200. Yaani kazi yako, bei yako kwa klayenti, vyote viko palepale, lakini bei ya edita imebadilika na mia sita juu ya mambo ya Benki Kuu na Eurobond. Ukilipia kitu kwa dola kila mwezi na unapata doo kwa shilingi, umejiweka kwa mchezo wa kubadilisha pesa bila kujua. Klayenti wa mtaa anayetaka websaiti ya kinyozi hataki kusikia stori za dola.

Halafu hata hiyo dola 20 si ile ile. Juni 2025 Cursor walibadilisha namna ya kuhesabu. Hapo mbeleni ulikuwa unapata idadi ya maombi ya haraka kwa mwezi. Ikawa sasa unapata matumizi ya thamani ya dola 20, kulingana na bei ya AI yenyewe. Watu wakamaliza mapema, wengine wakakatwa pesa hawakutarajia, kelele ikajaa mtandaoni, na tarehe 4 Julai kampuni ikaomba msamaha na kuahidi kurudisha pesa. Msamaha ni poa. Lakini elewa sababu, juu itarudi: kila ukiuliza AI swali, kuna mashine mahali inachoma stima na mtu anailipia. Kampuni changa zilikuwa zinakulipia sehemu ya hiyo bili kutoka kwa mfuko wa wawekezaji ndio uzoee. Kama uliishi Nairobi wakati teksi za app zilikuwa zinakuja, unajua hiyo form. Bei ya kukuvuta, halafu bei ya ukweli.

GitHub Copilot walipunguza mlango Desemba 2024 wakaweka mpango wa bure ndani ya VS Code: mara 2,000 za kumaliziwa kodi na ujumbe 50 wa kuongea na AI kwa mwezi. Kwa mtu anajifunza, hiyo inatosha. Kwa kweli naona ni nyingi kupita kiasi, na nitakuambia kwa nini.

Swali la ukiwa peke yako

Julai 2025 watafiti wa METR walitoa matokeo ya majaribio yao. Walichukua madevelopa 16 wenye uzoefu, wanaofanya kazi kwa miradi wanayoijua vizuri, wakawapea kazi za ukweli. Zingine walifanya na AI, nyingi kwa kutumia Cursor, zingine bila. Wakiwa na AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Kitu cha kukushika shati ni hiki: hao wenyewe, baada ya kumaliza, walisema AI imewaharakisha kwa kama asilimia 20.

Usichukue hiyo uende ukatangaze AI ni bure kabisa. Walikuwa watu 16, wazoefu, kwa miradi mikubwa waliyoijua kama mfuko wao. Mtu anayetengeneza ukurasa mmoja wa biashara ya keki anaweza kupata matokeo tofauti kabisa. Lakini kama watu wenye miaka kwa hii kazi hawakuweza kujua kama wanaenda mbio ama polepole, we wa miezi miwili utajuaje kama unajifunza?

Hapa ndipo sikubaliani na wasee wa "edita haijalishi". Edita inayokuandikia kila kitu inakunyima kitu kimoja tu, na ndicho ulikuja kutafuta. Kukaa na kosa. Ile saa moja ya kutafuta kwa nini kitufe hakifanyi kazi, halafu unapata uliandika "getElementByID" badala ya "getElementById", hiyo saa ndiyo shule. Siku moja utakaa mbele ya watu watatu kwa interviu, wakupee ubao ama edita tupu, waseme "tuonyeshe". Hakuna Tab ya kubonyeza hapo. Ama klayenti akupigie Jumapili malipo yake ya M-Pesa yamekwama, bando yako imeisha, na kodi iliandikwa na AI ambayo haukuisoma. Utamwambia nini?

Maoni yangu: miezi mitatu ya kwanza zima Copilot. Kwa VS Code iko kwa settings, dakika moja. Acha rangi, acha kumaliziwa kwa majina ya kawaida, acha Emmet (andika alama ya mshangao kwa faili ya HTML, bonyeza Tab, mifupa yote ya ukurasa inatokea, hiyo si kudanganya, hiyo ni kuokoa vidole). AI ikae kwa brauza, uende kuiuliza kama unavyoenda kwa ticha: "nieleze kwa nini hii haifanyi", si "niandikie". Ukimaliza miezi mitatu iwashe, utashangaa venye utaanza kuona mahali inakosea.

Lapi yako inasema nini

Video nyingi za "edita bora" hutengenezwa na mtu mwenye MacBook mpya. Wengi wetu tuko na zile ex-UK za Luthuli na Moi Avenue, EliteBook ama ThinkPad ya miaka kadhaa, RAM 4GB ama 8GB, betri ya kukaa saa moja ukiomba. Hiyo ndiyo inaamua edita yako, kabla ya maoni ya mtu yeyote.

VS Code, Cursor na Windsurf zote zimejengwa kwa Electron, yaani kila moja ndani yake ni brauza ya Chrome imevaa nguo ya edita. Sasa fungua hiyo, ufungue Chrome yenyewe na tabu kumi, uanzishe seva ya mradi wako kwa Node, na WhatsApp ya lapi iko wazi. Kwa RAM 8GB utasonga. Kwa 4GB lapi itaanza kupumua kama mat ya kupanda Limuru ikiwa imejaa.

Kama uko na 4GB, jaribu hizi kabla ulaumu akili yako. Sublime Text, ya wasee wa Sydney, iko tangu 2008 na bado inafunguka kabla ukope macho. Leseni ni dola 99, lakini wanakuruhusu kuijaribu bila kukufungia. Itakuwa tu inakukumbusha mara kwa mara kwamba haujalipa, kama mama mboga mwenye roho safi. Notepad++ ni ya Windows peke yake, bure, nyepesi sana. Geany iko kwa Linux na Windows, haina sura lakini inafanya kazi. Kuna Zed pia, ya wale wale waliotengeneza Atom, safari hii wakaandika kwa Rust ndio iwe na mbio. Iko wazi tangu Januari 2024 na ni tamu kweli, ila inachora skrini kwa kutumia kadi ya grafiki, so lapi ya kitambo inaweza kuikataa.

Na Vim. Najua, najua. Vim haihitaji kipanya, na stori ya watu kushindwa kutoka ndani yake ni ya ukweli (bonyeza Esc, andika :q! halafu Enter, uende salama). Sikushauri uanze nayo. Lakini ukikodi seva siku moja, uingie kwa terminali, hiyo ndiyo utapata ikikungoja, so jua kufungua faili, kubadilisha mstari na kutoka. Pia iko na kitu chetu. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa 1991, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, na akaamua badala ya kukuuza programu, akuombe usaidie watoto wa huko. Ndio maana ukiifungua tupu inakuambia kuhusu watoto wa Uganda. Aliaga dunia Agosti 2023 na huo ujumbe bado uko kwa seva za dunia nzima. Na hakuna anayekutoza dola 20 kuitumia.

Hauna lapi? Iko mlango. Kwa cyber ama lapi ya beshte, ingia vscode.dev kwa brauza, VS Code inafunguka hapo bila kuinstoli kitu. HTML, CSS na JavaScript ya kawaida inaandikika fiti. Ukitaka mashine nzima ya mbali yenye Node na Python, GitHub Codespaces inakupea kama masaa 60 ya bure kwa mwezi kwa mashine ndogo. Masaa 60 ni masaa mawili kila siku, na mashine ni ya Microsoft hata kama umeifungulia kwa lapi ya 4GB. Kwa simu ya Android kuna Acode. Vidole vitauma, lakini kuna watu wanajifunza hivyo, na sitawacheka.

Wanafunzi, nyinyi mko na bahati ambayo mimi niliyeacha kampo sina. Ukiwa na barua pepe ya chuo ama kitambulisho cha mwanafunzi, GitHub iko na mfuko wa zawadi za wanafunzi wenye Copilot na vitu vingine vingi. Chukua sasa kabla ugradueti. Sisi wengine tuna JetBrains: tangu Oktoba 2024 WebStorm yao, ambayo ni edita ya nguvu ya JavaScript, ni bure kama hautumii kibiashara. Inataka RAM lakini. Na ukianza kulipwa na klayenti, hiyo si bure tena.

Kabla ubonyeze Install

Hii sehemu ndiyo imenifanya niandike yote. Julai 2025 Kaspersky walieleza kisa cha developa mmoja wa Urusi wa mambo ya blockchain. Alikuwa kwa Cursor, akatafuta ekstensheni ya kupaka rangi lugha inaitwa Solidity, akaipata kwa Open VSX, ikiwa juu ya ile ya ukweli kwa orodha, akainstoli. Haikupaka rangi yoyote. Iliwafungulia wezi mlango, na wakabeba kripto ya kama dola 500,000.

We huna dola laki tano, sawa. Lakini kama unajengea watu malipo, uko na funguo za Daraja za Safaricom kwa faili ya .env. Hizo ndizo doo za klayenti wako. Ekstensheni ikiwa ndani ya edita, inaweza kusoma mafaili yako kama wewe mwenyewe. So angalia jina la mwenye kuitengeneza, herufi kwa herufi. Angalia imepakuliwa mara ngapi na lini ilisasishwa. Kama iko na siku tatu na imepakuliwa na watu wengi kuliko ile ya kitambo, kimbia. Instoli chache: Prettier ya kupanga mistari na Live Server ya kuona ukurasa zinatosha miezi mingi. Na weka .env kwa .gitignore kabla ya kusukuma chochote GitHub, na usiweke hizo funguo kwa dirisha la AI eti ikusaidie kutafuta kosa.

Kitu kingine kidogo cha nchi yetu: washa Auto Save. Kwa VS Code iko chini ya File. Stima ikipotea katikati ya kazi, na unajua itapotea, hautaandika upya.

Mei 2025 Rose Njeri alishikwa juu ya websaiti rahisi iliyosaidia watu kutuma barua pepe Bunge kupinga Mswada wa Fedha, akalala ndani hadi baada ya Madaraka Day, na mwezi uliofuata korti ikatupa kesi. Kwa hiyo kelele yote sikusikia mtu akiuliza aliandikia edita gani. Serikali haikuogopa Cursor ama Sublime. Iliogopa fomu moja na kitufe kimoja kilichofanya kazi.

So jibu langu kwa yule msee wa Telegram: RAM 8GB, chukua VS Code. RAM 4GB, Sublime ama Notepad++, na vscode.dev ukikwama. Hakuna lapi, Codespaces kwa cyber. AI ya bure inatosha, na mwanzoni izime. Kulipia ngoja hadi siku klayenti mmoja anakulipa kila mwezi na hizo KSh 2,580 haziguzi kodi ya keja. Ukifika hapo, lipa mwezi mmoja mmoja. Watakuonyesha bei ya mwaka yenye punguzo tamu. Iache ikae hapo, juu bei inabadilika kabla mwaka uishe, na wenye Windsurf walibadilika kati ya Ijumaa na Jumatatu.